Manyoya, Rangi na Ndoana: Mafunzo ya Watu wa Zamani



Ukichinja mbuzi, nyama unakula na ngozi pengine unaiuza. Mkia je? Wengi wetu humtupia mbwa. Leo tutazame historia ya watu walioyatia manyoya rangi, wakayafunga kwenye ndoana na kuvua samaki. Yamo mafunzo matatu, na moja linahusu uhai wako.

Mwandishi Aelian wa Roma, aliyeishi karibu na mwaka 200, alieleza habari za wavuvi wa Makedonia. Samaki wa mto wao walipenda mdudu mmoja arukaye juu ya maji. Mdudu mwenyewe hakufaa kuwa chambo, maana akiguswa na mkono rangi yake hupotea. Basi wavuvi wakazungushia ndoana sufu nyekundu, wakaongeza manyoya mawili ya jogoo yenye rangi ya nta. Samaki akadhani ni mdudu, akanasa. Hicho ndicho chambo bandia.

Mwaka 1496 kilichapishwa Uingereza kitabu kuhusu uvuvi wa ndoana. Siku hizo mshipi ulisokotwa kwa singa za mkia wa farasi mweupe, nazo zilitiwa rangi kufuatana na majira na maji. Walitumia shabu, lile jiwe jeupe la kusafishia maji, pamoja na vitu kama majani ya mti wa jozi. Funzo la kwanza ni hili: chagua manyoya meupe, maana meusi hayaonyeshi rangi. Yaoshe kwa sabuni mpaka mafuta yaishe. Penye mafuta rangi haishiki.

Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini hakuipata, alipata rangi ya zambarau iliyotokana na lami ya makaa ya mawe. Baada ya hapo viwanda vikatoa rangi za kila namna, na nyingi za kutia sufu na manyoya hushika vizuri zaidi katika maji yenye uchachu. Ndiyo maana mafundi huongeza siki.

Funzo la pili ni moto. Manyoya matupu huvumilia maji ya moto sana, lakini yakiwa bado juu ya ngozi, angalia! Ngozi mbichi hujikunja karibu na nyuzi 60 za sentigredi, na ikishajikunja hairudi. Tumia maji ambayo mkono unaweza kuyavumilia, na uache kipande humo muda mrefu. Sufuria ya rangi isirudi kupikia ugali.

Kazi hii ilifika kwetu Afrika Mashariki pia. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta samaki aina ya trauti kutoka Uskoti, wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya. Trauti huvuliwa sana kwa nzi bandia, na baadaye mafundi wa Kenya wakawa wanafunga nzi hao kwa ajili ya masoko ya Ulaya na Marekani.

Lakini historia ya manyoya ina majonzi yake. Katika mji wa Bradford, Uingereza, wachambuzi wa sufu na manyoya yaliyotoka nchi za mbali walikuwa wakiugua ghafla na kufa. Kufika mwaka 1880 Daktari John Henry Bell alikuwa ameonyesha kwamba ugonjwa huo ni kimeta. Wale watu walivuta vumbi la manyoya ya wanyama wagonjwa. Mwaka 1919 ikatungwa sheria ya kuzuia kimeta kisiingie na bidhaa hizo.

Hili ndilo funzo la tatu, ndugu mkulima, nalo ndilo kubwa. Vijidudu vya kimeta hukaa miaka mingi katika udongo na manyoya, na maji ya rangi hayaviui. Mnyama akifa ghafla, hasa akitoka damu puani au penginepo, usimchune, usimpasue, wala usikate mkia wake. Mwite bwana mifugo mara moja. Manyoya ya kazi yatoke kwa mnyama mzima wa afya, aliyechinjwa na kukaguliwa.

Mkia mmoja hauna thamani ya kuacha watoto yatima. Kazi njema.