Mgonjwa wa Kiharusi Asifichwe

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kiharusi. Sitasema habari ya mishipa na dawa, hayo nawaachia madaktari. Nataka kusema juu ya aibu inayomwingia mtu anapojitazama kwenye kioo na kuona mdomo umekwenda upande, na mkono unaning'inia kana kwamba si wake.

Aibu hiyo ina historia. Tarehe 2 Oktoba 1919, Rais Woodrow Wilson wa Marekani alipata kiharusi, akapooza upande wa kushoto. Mkewe, Edith, na daktari wake walifunga mlango. Wananchi waliambiwa kwamba rais amechoka. Mawaziri wake hawakukaa naye kikao mpaka Aprili 1920. Juni mwaka huo alipigwa picha akitia saini. Mkewe ameishika karatasi isiteleze, na upande uliopooza hauonekani.

Mtasema hiyo ilikuwa siasa. Ni kweli. Lakini hata majumbani kwetu mgonjwa huwekwa chumba cha ndani, na mgeni akipiga hodi huambiwa, "Amelala."

Sasa nawaletea kisa cha pili. Patricia Neal alikuwa mwigizaji wa sinema wa Marekani, mshindi wa tuzo ya Oscar mwaka 1964. Februari 1965, akiwa na miaka 39 na mja mzito, mishipa ya ubongo wake ilipasuka. Alikaa wiki kadhaa bila fahamu. Alipozinduka, upande wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yamempotea. Alitembea kwa chuma mguuni, jicho moja limefunikwa. Uso na sauti ndivyo vilivyokuwa vikimpa riziki. Fikirini kioo kilimwambia nini!

Mumewe, mwandishi Roald Dahl, alimrudisha nyumbani kwao, kijiji cha Great Missenden, Uingereza, akafungua mlango. Majirani waliwekewa zamu za kuja kumsemesha na kumsomesha, saa kadhaa kila siku. Hawakuwa madaktari. Jirani mmoja, Valerie Eaton Griffith, aliandika kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1970, na baadaye watu wa kujitolea sehemu nyingine za Uingereza waliifuata njia hiyo.

Haikuwa rahisi. Neal alikasirika, alikata tamaa, na alimwona mumewe mkali mno. Hata hivyo, Machi 1967 alisimama mbele ya watu New York akahutubia. Mwaka 1968 alionekana tena katika sinema, The Subject Was Roses, akateuliwa kuwania Oscar mara ya pili. Mwili haukurudi ulivyokuwa, lakini alikubali kutazamwa tena.

Leo tafiti zinaonyesha kuwa karibu mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupatwa na sonona. Aliyevunjika moyo hukataa mazoezi, na bila mazoezi kiungo huzidi kulegea. Kumtia moyo, basi, ni sehemu ya tiba.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kama mgonjwa yuko nyumbani kwenu, mwulizeni kwanza kama yuko tayari kuonana na watu. Akikubali, mvalisheni nguo aipendayo, mtoeni barazani. Nawe jirani, nenda ukakae naye saa moja. Akitafuta neno, usimmalizie. Msubiri.