Kijana wa Nyarugusu Aliyevaa Jezi ya Marekani

SOMO LA HISTORIA KWA MADARASA YA KISOMO, BARIADI

Mwalimu wa darasa, tafadhali sogeza redio mbele kidogo, ili hata wale waliokaa nyuma wasikie. Kisha andika ubaoni maneno haya manne: Nyarugusu, Kasulu, Abilene, Dallas. Tutayatumia leo.

Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya watemi wa Usukuma, na juu ya pamba ilivyoingia mashambani mwetu. Leo tutazungumza juu ya kijana mmoja mcheza mpira. Pengine mzee mmoja kati yenu anasema moyoni, "Je, mpira nao ni historia?" Swali ni zuri, mzee wangu. Historia si habari za watemi na vita tu. Historia ni habari za watu, walikotoka, walikokwenda, na sababu zilizowapeleka huko. Kwa hiyo mcheza mpira naye ana historia yake.

Tena nina sababu nyingine. Siku moja nilitembelea darasa moja hapa wilayani. Mama mmoja akaniuliza, "Bwana Afisa, mwanangu akitoka kuchunga anakimbilia kiwanjani. Kalamu haishiki. Mpira huo utamlisha?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Somo hili la leo ndilo jibu langu kwake.

WAZAZI WAKE

Kijana huyu anaitwa Bernard Kamungo. Ni mchezaji wa Marekani, lakini alizaliwa Tanzania, mwaka 2002, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma.

Kutoka Bariadi unaweza kwenda Kasulu kwa basi. Utapita Maswa, Shinyanga na Kahama, ufike Nyakanazi, halafu uteremke Kakonko na Kibondo. Ni safari ndefu, lakini ni safari ya ndani ya nchi yetu.

Je, wazazi wake walifikaje huko? Mwaka 1996 vita vikubwa vilianza mashariki ya Kongo. Watu wa Kivu ya Kusini, wa sehemu kama Uvira na Fizi, walikimbia kwa maelfu. Wengi walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na mashua wakaingia Kigoma. Serikali ya Tanzania, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ikafungua kambi ya Nyarugusu mwaka huo huo wa 1996. Wazazi wa Bernard ni Wakongo waliokimbia vita nchini mwao.

Ndugu zangu, sisi wa Usukuma tunajua kuhama. Nani kati yenu hana shangazi au binamu aliyehamia Geita, Katavi au Morogoro akifuata malisho na mashamba? Lakini kuhama kuko namna mbili. Mfugaji huhama na ng'ombe wake, naye hujua njia ya kurudi. Mkimbizi huhama na nguo aliyovaa, wala hajui kama atarudi.

MAISHA YA KAMBINI

Sheria haikumruhusu mkimbizi kutoka kambini bila kibali. Chakula kilikuwa cha mgao: unga wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Mtoto aliyezaliwa humo aliandikwa mkimbizi kama wazazi wake, ingawa hakuwahi kuikimbia nchi yo yote. Fikirini jambo hilo. Mtoto amezaliwa juu ya udongo wa Kasulu, anasema Kiswahili kama ninyi na mimi, lakini karatasi yake inasema yeye si wa hapa.

Huko ndiko Bernard alikojifunza mpira. Alicheza bila viatu, kwa mpira uliotengenezwa kwa mikono. Ninyi nyote mnaujua mpira wa namna hiyo. Watoto wetu hukusanya mifuko ya plastiki na matambara, wakafunga kwa kamba. Mpira huo haudundi vizuri, kwa hiyo mchezaji hujifunza kuuweka karibu na mguu wake. Chandimu imefundisha wachezaji wengi wa Afrika kwa njia hiyo.

KARATASI NA SAFARI

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa pana somo kwa darasa la kisomo.

Katika miaka ile Marekani ilikubali kupokea maelfu ya Wakongo kutoka makambini. Lakini mtu hakupanda ndege kwa kuomba tu. Kila jamaa iliitwa na kuulizwa maswali mara nyingi. Baba jina lake nani? Mama jina lake nani? Mtoto huyu alizaliwa mwaka gani? Majibu yaliandikwa, kisha watu wakaulizwa tena baada ya miezi mingi, na majibu mapya yakalinganishwa na yale ya kwanza. Jina likiandikwa namna mbili, hapana budi maswali yaanze upya. Kwa mkimbizi, herufi moja iliyopotea huweza kuchelewesha safari.

Jamaa ya Bernard ilipita. Mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 14, walihamia mji wa Abilene, magharibi ya jimbo la Texas. Mwalimu wa darasa, waonyeshe wanafunzi Abilene ubaoni.

Kijana huyu hakujua Kiingereza. Katika kambi, watoto wa Kikongo walisoma kwa mtaala wa Kongo, na lugha ya masomo ilikuwa Kifaransa. Basi akaketi darasani miongoni mwa watoto asioelewa wanasema nini. Ninyi mlioanza kisomo mkiwa na umri wa miaka 40 au 50, mnajua aibu ya siku ya kwanza, kushika kalamu mbele ya watu. Aibu yake ilikuwa ndugu ya aibu yenu. Yeye alijifunza lugha mpya, nanyi mnajifunza herufi.

Lakini kiwanjani hakuhitaji mkalimani. Aliichezea shule ya Abilene High School, na kwa muda mfupi watu wa mji ule wakajua kwamba yule kijana mgeni anafunga magoli.

MPIRA WA MAREKANI WENYEWE

Hapa tusimame kidogo. Wamarekani wana mchezo wao wanaouita "futiboli", nao huchezwa zaidi kwa mikono. Mpira wetu wa miguu wao huuita "soka". Kwa muda mrefu haukupendwa sana kwao. Waliwahi kuwa na ligi kubwa kuanzia mwaka 1968, na mwaka 1975 Pelé wa Brazil alikwenda kuchezea timu ya New York Cosmos. Hata hivyo ligi ile ilikufa mwaka 1984.

Mwaka 1994 Kombe la Dunia lilichezwa Marekani. Baada yake, mwaka 1996, ligi mpya ikaanza kwa timu 10. Angalieni mwaka huo: 1996. Mwaka ule ule ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa, ligi hiyo ilipigiwa filimbi ya kwanza. Hakuna mtu wakati ule aliyeweza kusema kwamba mambo hayo mawili yatakutana. Mtanzania mmoja alitangulia kuicheza ligi hiyo, naye ni Nizar Khalfan wa Mtwara, aliyeichezea Vancouver Whitecaps mwaka 2011.

Moja ya zile timu 10 za kwanza ilikuwa ya Dallas, ambayo baadaye iliitwa FC Dallas. Timu hiyo ina timu ndogo ya kulea vijana, iitwayo North Texas.

MAJARIBIO

Timu ya North Texas ilifanya majaribio ya wazi. Maana yake ni kwamba mtu ye yote aweza kuja kujaribiwa, mradi ajiandikishe na kulipa ada. Bernard hakujiandikisha mwenyewe. Kaka yake ndiye aliyemwandikisha, na kaka yake ndiye aliyelipa.

Mara nyingi tunasema habari za mchezaji, tukasahau habari za aliyeshika kalamu. Kipaji kilikuwa cha Bernard. Lakini kama fomu isingejazwa, kipaji hicho kingebaki mjini Abilene, na leo tusingekuwa na somo hili.

Mwaka 2021 North Texas ikamchukua. Mwaka 2022 alikuwa miongoni mwa wafungaji hodari wa ligi ya timu za vijana, na mwaka huo huo FC Dallas yenyewe ikamwandikisha. Sasa akawa mchezaji wa kulipwa katika ligi kuu, yaani mpira ndiyo kazi yake, kama pamba ilivyo kazi ya mkulima.

Tarehe 6 Agosti 2023 timu yake ilipambana na Inter Miami nyumbani kwao Frisco, karibu na Dallas. Upande wa pili alikuwapo Lionel Messi wa Argentina, aliyechukua Kombe la Dunia mwaka 2022. Messi alifunga mapema. Dallas wakasawazisha, na karibu na mapumziko Bernard Kamungo akafunga goli la pili la Dallas. Mchezo ulikwisha kwa magoli 4 kwa 4, na Miami wakashinda kwa penalti. Dallas walitolewa, lakini yule mtoto wa chandimu ya Nyarugusu alikuwa amefunga goli katika mchezo mmoja na Messi.

NI WA WAPI?

Ndipo likaja swali kubwa kuliko yote. Ataichezea nchi gani? Tanzania ni mahali alipozaliwa. Kongo ni nchi ya wazazi wake. Marekani ndiyo iliyompa uraia.

Tarehe 20 Januari 2024, mjini San Antonio, Texas, aliichezea Marekani kwa mara ya kwanza, katika mchezo wa kirafiki na Slovenia. Marekani walifungwa goli 1 kwa 0.

Wako Watanzania walionung'unika: "Mtoto wetu amechukuliwa." Ndugu zangu, nami nilihisi hivyo. Lakini baadaye nilijiuliza. Alipokuwa nyuma ya mpaka wa kambi, nani kati yetu alimwita mtoto wetu? Sisemi kwamba nchi yetu ilikosa. Tanzania iliwapokea watu wengi walipokuwa wakifa, na hilo ni jambo la heshima. Nasema tu kwamba mti huhesabiwa kuwa wa yule aliyeumwagilia maji, si wa yule aliyeona matunda akakumbuka.

JIBU KWA YULE MAMA

Sasa namjibu mama aliyeniuliza. Mama, siwezi kukuambia kwamba mpira utamlisha mwanao. Katika majaribio kama yale, wengi huja na wachache huchukuliwa. Katika kambi ya Nyarugusu waliishi watoto maelfu kwa maelfu, nasi tunalijua jina la mmoja. Asiyesema hivyo anakudanganya.

Lakini usimnyang'anye mpira. Mwache acheze, na jioni mketi pamoja kwenye daftari. Yeye ana miguu, wewe umepata kalamu. Bernard alikuwa na kaka wa kujaza fomu. Mwanao akihitaji fomu kujazwa, awe na wewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini watu wa Kivu ya Kusini walivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996?
2. Mfugaji anayehama na mkimbizi wanatofautianaje?
3. Nani alimwandikisha Bernard katika majaribio? Kwa nini jambo hilo ni kubwa?
4. Ninyi mwaonaje: mtu ni wa mahali alipozaliwa, wa nchi ya wazazi wake, au wa mahali alipopokewa?

KAZI YA NYUMBANI

Andika katika daftari lako jina la kila mtu wa nyumba yako, mwaka aliozaliwa, na mahali alipozaliwa. Usipojua, muulize mzee kabla hajaondoka, maana yeye ndiye daftari la zamani. Kisha linganisha na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, kama kipo. Jina likitofautiana hata kwa herufi moja, mwonyeshe mwalimu wako.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo. Mwalimu wa darasa, sasa funga redio, na mazungumzo yaanze.