Safu ya Lugha: Mkonga

Mafundi wa Tanzania huliita mkonga lile bomba jeusi linalopanda kando ya kioo cha mbele cha Land Cruiser. Neno limetoka kwa tembo, na limepata mahali pake: tembo akiogelea huinua mkonga juu ya maji apate kupumua, na gari linavuta hewa kwa njia hiyo hiyo. Injini ikinywa maji, pistoni hukutana na kitu kisichoshindilika, na mkono wake hupinda.

Kwa mwenye Prado anayetoka Kindu kwenda Tunda, huko Kongo, wakati wa mvua, kifaa hicho ni kinga. Anayejifungia mkonga mwenyewe atoboe madigadi kwa kufuata kigezo, kisha azibe kwa silikoni kila kiungo hadi kwenye chujio la hewa. Ufa mdogo unatosha kupitisha maji. Kipumulio cha difu nacho kiinuliwe.

Watunga kamusi waandike maana hii mpya kando ya ile ya tembo. Gereji imetupa neno linalomweleza dereva, kwa tamko moja, kazi ya kifaa chake.