Uwakili wa Unguja na Mkono wa Mahkama

Uwakili wa Unguja, kama kazi ya leseni na kanuni, ulikuja na mahkama za Waingereza mwishoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo wenyeji walipeleka mashauri yao kwa kadhi, wa Kiibadhi au wa Kisunni, na mazito yakaishia barazani kwa Sultani. Mashamba ya Kizimbani ni mfano mzuri wa nguvu ya baraza hilo. Saleh bin Haramil, anayetajwa miongoni mwa waliotangulia kupanda mikarafuu kisiwani, alinyang'anywa na Sultani Seyyid Said mashamba yake ya huko na ya Mtoni. Kwa mtu kama yeye hapakuwa na pa kukata rufaa.

Raia wa Uingereza, ambao wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Mji Mkongwe, walihukumiwa mbele ya konseli wao, na rufaa zao zikivuka bahari hadi Bombay. Kwa njia hiyo sheria za India za mikataba na ushahidi ziliota mizizi Unguja, na si ajabu kuwa Wahindi walikuwa wengi kati ya mawakili waliofika kuzitumia. Jengo la mahkama la Vuga, lililochorwa na J. H. Sinclair, lilikamilika mwaka 1908.

Kilicholisha uwakili zaidi ya chochote kilikuwa deni la karafuu. Mwenye shamba alikopa kwa tajiri kabla ya mavuno na kuandikiana naye bei ya khiyari: kwa nje ni mauzo, kwa ndani ni rehani, kwa kuwa riba ni haramu. Shamba limeuzwa au limewekwa rehani tu? Swali hilo moja lilizaa kesi nyingi. Mwaka 1934 serikali ilitoa dikrii za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiishie mikononi mwa wadai wao.

Uingereza kazi hii imegawanyika. Solicitor huandaa nyaraka na kumshauri mteja, barrister husimama mahkamani, na masolicitor wana chama chao chenye baraza tangu 1825. Unguja ilikuwa na ngazi za namna nyingine: wakili kamili aliyefika hadi Mahkama Kuu, na vakili aliyeruhusiwa mahkama za chini tu. Wote waliongozwa na Dikrii ya Wanasheria, Sura ya 28, na aliyeshika mlango wa kuingilia kazini alikuwa Jaji Mkuu. Tanganyika, kwa upande wake, ilipata chama cha mawakili chenye baraza, kwa sheria mahsusi, mwaka 1954.

Kazi inayoning'inia kwenye leseni ya mahkama huanguka mahkama zikibadilishwa, na ndivyo ilivyokuwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Dikrii ya 1969 ilianzisha mahkama za wananchi, ambamo waamuzi hawakuhitajika kuwa wamesomea sheria na mawakili walizuiwa kusimama. Athari yake ilionekana wazi katika kesi ya uhaini ya 1973 na 1974, iliyofuata kuuawa kwa Rais wa Zanzibar, Abeid Amani Karume, Aprili 1972: washtakiwa walikabiliwa na hukumu ya kifo bila wakili wa kuwatetea.

Katiba ya Zanzibar ya 1984 ilirudisha mfumo wa Mahkama Kuu, na uwakili ukafufuka. Tofauti ilidhihirika katika kesi nyingine ya uhaini, ya wanachama 18 wa chama cha upinzani cha CUF. Safari hii hoja za kisheria zilibishaniwa hadi Mahkama ya Rufani ya Tanzania, ambayo mwaka 2000 iliamua kuwa kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola peke yake.

Mahkama hiyo ya Rufani ni jambo la Muungano. Mahkama zilizo chini yake si za Muungano. Kwa hiyo wakili wa Bara hawezi kufanya kazi Unguja mpaka akubaliwe huko, na katika Jumuiya ya Wanasheria wa Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1995 na yenye makao Arusha, Chama cha Wanasheria Zanzibar ni mwanachama kamili, mbali na kile cha Tanganyika.