Tatiana Maslany: Uso Mmoja, Wanawake Wengi

Mwigizaji Tatiana Maslany alizaliwa mwaka 1985 Regina, mkoani Saskatchewan, Kanada, akakulia kwenye jukwaa la maigizo ya papo kwa papo. Mafunzo hayo yalimfaa sana katika Orphan Black (2013–2017), tamthilia ya kubuni ya kisayansi yenye vipindi 50, iliyopigwa Toronto. Humo aliigiza wanawake walionakiliwa maabarani kutoka urithi mmoja wa jeni: Sarah tapeli, Alison mama wa watoto, Cosima mwanasayansi, Helena muuaji, na wengineo.

Nakala hizo zilipokutana katika onyesho moja, mwigizaji Kathryn Alexandre alisimama upande wa pili kama mwenzake Maslany. Kisha Maslany alibadili nguo na nywele, wakapiga tena, huku kamera inayoongozwa na kompyuta ikirudia mwendo uleule ili picha ziunganishwe. Mtambo huo ni hodari, lakini tazama Sarah anapojifanya Alison: wasiwasi wa Sarah unachungulia chini ya adabu za Alison, na hiyo ni kazi ya mwigizaji peke yake.

Kwa kazi hiyo, mwaka 2016 Maslany alipata tuzo ya Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike katika tamthilia. Mwaka 2022 aliigiza shujaa wa kubuni She-Hulk.