Waliokimbia na Waliokimbizwa

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 8 Agosti 2021, tulikuwa watatu nje ya kibanda cha chai kilichofungwa hapa Waberi, Garissa. Simu ilikuwa ya mmoja, bando ya mwingine. Mimi nilichangia macho tu. Marathoni ya wanaume ya Olimpiki ya Tokyo ilikuwa inakimbiwa Sapporo, na kwa saa zetu ilikuwa imepita saa tisa usiku.

Eliud Kipchoge alikuwa ameshawaacha wote. Nyuma yake kikundi kidogo kilikuwa kinapigania fedha na shaba, na ndani yake walikuwemo Abdi Nageeye wa Uholanzi, Bashir Abdi wa Ubelgiji na Lawrence Cherono wa Kenya. Wawili wa kwanza walizaliwa Mogadishu, vita vikawapeleka Ulaya wakiwa wadogo. Mwishoni kabisa Nageeye akawa anageuka nyuma, anampungia Bashir mkono: njoo, njoo, usikate tamaa. Jezi tofauti, bendera tofauti, na bado anamvuta mwenzake. Nageeye akamaliza kwa saa 2:09:58, Bashir 2:10:00, Cherono 2:10:02. Sekunde mbili, Mkenya akakosa medali.

Manze, tulipiga kelele mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaamka. Halafu mmoja wetu akasema polepole, "Lakini si Cherono ndiye wetu?"

Hakuna aliyemjibu. Nimekuwa nikilitafuta jibu tangu usiku ule, na kadiri ninavyolitafuta ndivyo ninavyoona kwamba tuliuliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni hili: kwa nini katika ile timu ya Kenya hakukuwa na mtu wa kwetu wa kumshangilia bila kujishuku? Kenya inajiita taifa la wanamichezo. Medali ya Olimpiki ya Mkenya kutoka Garissa, Wajir au Mandera haipo.

Jibu la haraka unalijua, umelisikia kwa kinyozi: mbio ziko kwenye damu ya Wakalenjin. Sawa. Basi Bashir na Nageeye damu yao waliitoa wapi? Abdi Bile, Msomali, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1500 kule Roma mwaka 1987. Mo Farah, aliyezaliwa Somaliland na kuingizwa Uingereza kwa jina la mtoto mwingine, alishinda mita 5000 na 10,000 London 2012, akarudia Rio 2016. Damu ni ileile ya watu wanaouza ndizi na mitumba hapa sokoni Garissa.

Jibu la pili lina uzito zaidi: miinuko. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Garissa haifiki hata mita 200, na mchana joto likipita nyuzi 35 hata mbuzi wanatafuta kivuli cha lori. Sitabishana na hewa. Lakini miinuko inaeleza mbio ndefu tu. Haielezi mbio fupi, wala voliboli, wala ndondi, wala kurusha mkuki. Jamaika ni kisiwa cha joto, na mashindano yao ya riadha ya shule za upili yamekuwepo tangu 1910. Bolt hakuanguka kutoka mbinguni.

Na hapa nyumbani, dhahabu za kwanza kubwa za Kenya hazikutoka mlimani hata kidogo. Zilitoka Mombasa. Mwaka 1962, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Perth, kijana mwenye asili ya Goa aitwaye Seraphino Antao alishinda yadi 100 na yadi 220. Ndiye aliyebeba bendera ya Kenya Tokyo mwaka 1964. Ungetuuliza wakati ule Kenya ni nchi ya mchezo gani, kuna mtu angejibu mbio fupi, na angekuwa na ushahidi.

Mwingine angejibu mpira wa magongo. Hii stori huwa inawashangaza wasee wa umri wangu. Kwenye Kombe la Dunia la kwanza la magongo, Barcelona 1971, Kenya ilimaliza ya nne, nyuma ya Pakistan, Uhispania na India. Ya nne duniani! Wachezaji wengi walikuwa Masingasinga na Wagoa, watoto wa jamii zilizokuwa na klabu zao, nyasi zao zilizokatwa vizuri, na wazee waliolipa ada za uanachama. Kisha jamii hizo zikaanza kuhama, familia baada ya familia, kwenda Uingereza na Kanada. Timu ya wanaume ilifika Olimpiki kwa mara ya mwisho Seoul 1988. Wakenya hawakusahau kushika magongo. Kilichoondoka ni klabu.

Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba ramani ya medali zetu ni ramani ya taasisi. Usiniulize nchi ina kipaji gani. Niulize ni nani alikuwa na uwanja, nani alikuwa na mwalimu, na nani alikuwa na mshahara akisubiri miguu yake ikomae.

Kwa mbio ndefu, mshahara ulikuwa wa serikali. Wilson Kiprugut, aliyeleta medali yetu ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800 Tokyo mwaka 1964, alikuwa mwanajeshi. Naftali Temu, dhahabu ya kwanza, mita 10,000 Mexico 1968, mwanajeshi pia. Kipchoge Keino, aliyeshinda mita 1500 kwenye michezo hiyo hiyo, polisi. Jeshi, polisi na magereza ndizo zilikuwa akademi kabla neno akademi halijafika. Mkimbiaji alipewa sare, chakula, mshahara na ruhusa ya kwenda mazoezini. Mkoloni alikuwa ameanza hivyo: maafisa wake waliona michezo ni njia ya kuwashughulisha vijana wa Bonde la Ufa waache kuibiana ng'ombe. Nia haikuwa nzuri sana, lakini mlango ulifunguka.

Kwetu mlango uleule ulifungwa. Eneo lililoitwa Northern Frontier District liliwekwa chini ya sheria za wilaya zilizofungwa. Kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Shule zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Kisha ukaja uhuru, na tarehe 28 Desemba 1963, bendera ikiwa na siku kumi na sita, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari huku kwetu, kwa sababu watu wengi walitaka kujiunga na Somalia. Vita vya Shifta vilienda mpaka 1967. Watu walikusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, mifugo ikapotea au ikauawa. Sheria za hali ya hatari hazikufutwa mpaka 1991.

Sasa weka tarehe pamoja. Oktoba 1964, mwanajeshi wa Kenya anavaa shaba Tokyo na nchi inashangilia sare yake. Mwezi huohuo, sare hiyohiyo inapita kwenye maboma ya wafugaji kaskazini, na mtoto anayeiona anakimbia kweli, lakini hakuna anayemshikia saa. Simlaumu Kiprugut, alikimbia mbio zake. Nasema tu kwamba taasisi iliyomlea mwanariadha wa Kericho, huku ilikuja kwa kazi nyingine. Najua utaniambia Jenerali Mahmoud Mohamed, Msomali wa Kenya, aliongoza majeshi yote kuanzia 1986 hadi 1996. Ni kweli, na nyumbani jina lake linatajwa kwa fahari. Jenerali mmoja hafanyi akademi.

Pesa nazo zilikuwa na ramani. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, ule wa ujamaa wa Kiafrika, ulisema bila kuficha kwamba fedha za maendeleo ziende mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri na mvua, barabara na umeme, na watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Soma hapo kama mtoto wa Garissa, halafu urudie. Michezo haikutajwa, lakini michezo hupanda matatu ya barabara na shule. Penye shule pana kiwanja, penye kiwanja pana mashindano ya wilaya, na penye mashindano kuna mtu mwenye saa ya kuhesabu sekunde.

Mfano unaouma ni Iten yenyewe. Mwaka 1976 bruda mmoja wa Ireland, Colm O'Connell, alifika shule ya St Patrick's kufundisha jiografia. Hakuwa kocha. Alirithi utamaduni wa mbio uliokuwepo pale, akajifunza kazi huku akiifanya, na jambo kubwa alilolifanya, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuondoka. Kwenye shule hiyo walipita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 1988, na Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda Boston, mwaka huohuo. (Nikiwa mdogo niliamini Ibrahim Hussein ni wa kwetu, kwa jina. Kumbe ni Mnandi wa Kapsabet. Niliomboleza kidogo.) David Rudisha alipokimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 London 2012, kocha wake alikuwa yuleyule mwalimu wa jiografia, miaka 36 baadaye.

Miaka 36. Sasa tafuta mwalimu aliyeweza kukaa Garissa miaka 36.

Kuna uwanja hapa mjini nataka uuone, ule wa Shule ya Msingi ya Garissa. Mimi nimecheza mpira pale, peku, mchanga ukiunguza nyayo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, chuoni bado, niliposoma ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ndipo nikajua. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama vilichoma mtaa wa Bulla Kartasi, vikawakusanya wakazi kwenye uwanja huohuo, vikawaweka pale kwa siku kadhaa bila maji wala chakula. Idadi ya waliokufa haijawahi kukubaliwa na pande zote. Nyumbani hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilimpigia abti yangu simu, nikamuuliza mbona. Akasema, "Ulikuwa unapenda mpira." Basi.

Kwa hiyo ukiambiwa jamii fulani haina utamaduni wa michezo, uliza kwanza viwanja vyao vilitumiwa kufanya nini.

Mpira ulirudi hata hivyo, mpira haukatazwi. Ukipita jioni utaona vijana wanacheza kila mahali penye mita thelathini za mchanga, na baadhi yao, wallahi, wanajua. Lakini mpira wa mtaani bila shule hauna ngazi ya kupandia, na shule zetu zimekuwa zikipoteza walimu kwa mawimbi. Novemba 2014 basi lilitekwa karibu na Mandera, watu 28 wakauawa, walimu wakiwemo. Tarehe 2 Aprili 2015 wakauawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, na tume ya kuajiri walimu ikaanza kuwaondoa walimu wasio wenyeji. Siwezi kumwambia mtu angebaki afe. Ila mwalimu wa hesabu akiondoka, ameondoka pia yule aliyekuwa anabeba filimbi na wavu wa voliboli, na hilo halijazwi kwenye fomu yoyote. Wasichana wanalipa mara mbili: FIFA iliruhusu hijabu rasmi mwaka 2014 na mpira wa kikapu ukafuata 2017, lakini ruhusa ya dunia haina kazi kama hapa hakuna mwalimu wa kike wa kumwambia mama, mtoto atarudi kabla ya magharibi, niko naye.

Ahadi zimekuwepo. Ilani ya Jubilee ya 2013 iliitaja Garissa kati ya miji mitano itakayojengewa uwanja wa kitaifa. Serikali ile iliondoka 2022 na sisi bado tuko mchangani.

Yule aliyeuliza kuhusu Cherono usiku ule simtaji jina. Kati yetu watatu yeye ndiye aliyekuwa na miguu. Mita 400, peku, alikuwa anatuacha mpaka inakuwa kichekesho. Akiwa na miaka kumi na minane alisikia kikosi kimoja kinaandikisha vijana, na ukiwa na mbio unasikilizwa zaidi. Akataka kwenda. Kitambulisho hakikuwepo. Kwetu kitambulisho kilikuwa na kamati: unapigwa msasa, unaleta mzee wa ukoo, unaulizwa babu yako alizikwa wapi, unaambiwa urudi Jumatatu. Alirudi Jumatatu nyingi. Kilipotoka, uandikishaji ulikuwa umepita na goti lilikuwa limeumia kwenye mechi ya mtaani. Februari 2025 Rais Ruto alipotangaza kwamba msasa huo umekwisha, alinitumia picha ya gazeti bila neno lolote.

Siku hizi anaendesha tuktuk. Wiki iliyopita alinibeba kutoka sokoni, nikamwambia naandika kuhusu ule usiku wa Sapporo. Akafikiri kidogo, injini ikinguruma.

"Bashir alipofika Ulaya," akaniuliza, "kitambulisho alipewa baada ya muda gani?"

Nikamwambia sijui, lakini anakimbia na cha Ubelgiji.

"Shilingi hamsini," akasema. Nilipompa mia alinirudishia chenji yote.