Chumba Kilichodhaniwa Kitupu: Safari ya Kuijua Seli

Mwaka 1665 Robert Hooke, mtaalamu wa majaribio wa Royal Society ya London, alinoa kisu kidogo kikawa kama wembe. Alikata kipande chembamba cha gome la mwaloni, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakiweka chini ya hadubini. Aliona vitundu vimepangana kama sega la nyuki, akakadiria kwamba inchi moja ya ujazo ina zaidi ya vitundu 1,200,000,000. Aliviita kwa neno lenye asili ya Kilatini, lenye maana ya chumba kidogo. Neno hilo ndilo lililotufikia katika Kiswahili kama seli.

Vyumba vya Hooke vilikuwa vitupu kwa sababu gome lile lilikwishakufa. Zilibaki kuta tu, wenyewe wamekwisha kuondoka. Katika mimea mibichi aliviona vimejaa utomvu, lakini hakwenda mbali zaidi. Elimu ya seli, kwa miaka 300 iliyofuata, ni kazi ya watu waliobisha hodi katika chumba hicho na kuwakuta wakazi wake mmoja mmoja.

Muuza vitambaa wa Delft

Mmoja wa waliotangulia kubisha hodi hakuwa mwanachuoni. Antonie van Leeuwenhoek aliuza vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi, na hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa zama zake. Alichojua ni kutengeneza lenzi. Mojawapo ya zilizosalia hukuza kitu mara 270 hivi. Mwaka 1674 alieleza umbo la chembe nyekundu za damu. Mwaka 1676 aliwaandikia Royal Society kuhusu vijidudu vinavyoogelea katika maji. Wengi walimtilia shaka mpaka Hooke mwenyewe aliporudia uchunguzi na kuviona.

Baada yao mambo yalikwenda polepole kwa miaka 150, kwani lenzi nyingi zilitia ukungu na kuzungushia kitu rangi zisizokuwemo. Lenzi zilipoboreshwa, ugunduzi ulifuatana. Mwaka 1831 Robert Brown, Mskoti, alionyesha doa la mviringo ndani ya seli za okidi, akalipa jina la kiini. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alitangaza kwamba mimea imejengwa kwa seli, na mwaka 1839 Theodor Schwann akasema hivyo hivyo kuhusu wanyama. Mgomba, papa na binadamu wakawa nyumba za tofali la aina moja.

Wajerumani hao wawili walikosea jambo moja: walidhani seli mpya hujitunga zenyewe, kama fuwele za chumvi. Robert Remak alichunguza viinitete kwa miaka mingi, akaona kwamba seli hugawanyika ikawa mbili. Remak alikuwa Myahudi, akakataa kubatizwa, na Prussia ikamnyima uprofesa kamili. Rudolf Virchow ndiye aliyetangaza mwaka 1855 kwamba kila seli hutoka katika seli, na sifa zikamwendea yeye. Haki inatutaka tumtaje Remak kwanza.

Wakazi wa chumba

Mwaka 1869, mjini Tübingen, kijana wa Uswisi aitwaye Friedrich Miescher alikusanya bendeji zenye usaha kutoka hospitali. Usaha umejaa chembe nyeupe za damu, na chembe hizo zina viini vikubwa. Humo akapata dutu yenye fosforasi, isiyofanana na protini. Ndiyo tunayoiita leo DNA, maandishi ya urithi. Mwaka 1882 Walther Flemming alieleza jinsi nyuzi za ndani ya kiini zinavyogawanywa sawasawa seli inapozaliana. Nyuzi hizo baadaye ziliitwa kromosomu.

Mwaka 1898 ulileta wakazi wawili. Camillo Golgi wa Pavia, Italia, alitia madini ya fedha katika seli za neva za bundi, akaona wavu mweusi unaobeba jina lake hadi leo. Carl Benda naye akavipa vijipunje vingine jina la mitokondria, kutokana na maneno ya Kigiriki ya uzi na punje. Mwaka 1925 Waholanzi Gorter na Grendel walikamua mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakakuta yanatosha kuzifunika chembe hizo mara mbili. Hivyo ikajulikana kwamba utando wa seli una tabaka mbili za mafuta.

Wengi walibisha kwamba wavu wa Golgi ni uchafu wa rangi tu. Ubishi huo ulimalizwa na hadubini ya elektroni, iliyobuniwa na Ernst Ruska na Max Knoll mjini Berlin mwaka 1931. Albert Claude na wenzake wa New York walichapisha picha ya seli nzima kwa chombo hicho mwaka 1945. Mwaka 1955 George Palade alieleza ribosomu, na Christian de Duve akatangaza lisosomu. Watatu hao, Claude, Palade na de Duve, walitunukiwa Nobeli mwaka 1974.

Chumba kikawa kimejulikana. Kiini hutunza maagizo, na ribosomu huyafuata kuunda protini. Vifuko vya Golgi huzifungasha na kuzipeleka zinakohitajika. Mitokondria hugeuza chakula kuwa nguvu, lisosomu husaga taka, na utando huchagua cha kuingia na cha kutoka. Katika jani, kloroplasti hupika chakula kwa mwanga wa jua. Mwaka 1967 Lynn Margulis alieleza kwamba mitokondria na kloroplasti zilikuwa bakteria huru zilizohamia ndani ya seli kubwa. Majarida mengi yalimkataa; leo wanafunzi wanafundishwa hivyo.

Chembe iliyotoa vyombo vyake

Ipo seli moja mwilini iliyo karibu na chumba kitupu cha Hooke, nayo ni chembe nyekundu ya damu. Inapokomaa hutupa kiini na mitokondria zake, ikabaki na nafasi ya kubeba himoglobini, inayosafirisha oksijeni. Mwaka 1910 James Herrick wa Chicago alieleza damu ya kijana wa Grenada yenye chembe zilizopinda kama mundu. Mwaka 1956 Vernon Ingram alionyesha chanzo: kiungo kimoja tu cha protini kimebadilishwa. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo hushikamana ikawa fimbo, chembe inapinda na kuziba mishipa midogo.

Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aligundua kwamba wabebaji wa jeni moja ya hitilafu hiyo ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache sana nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: jeni hiyo moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Mtoto anayerithi mbili huugua.

Kiswahili kimeuita ugonjwa huo selimundu. Chumba cha Hooke kimekutana na mundu wa mkulima katika neno moja. Wazazi wawili wabebaji wana uwezekano wa moja kwa nne, katika kila ujauzito, wa kupata mtoto mgonjwa. Basi, msomaji, kabla ya kuoa au kuolewa, pima damu yako.